Fimbo Sita Kasoro Kiganja

Jumapili, tarehe 2 Februari

Mke mwenzangu,

Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo ili usilitafute huko chini.

Mashua imekwisha. Babu yako alimaliza mbao zake zote kabla hajatuacha, na mimi mwaka mzima sasa nimemaliza yaliyobaki. Nimeziba kila mwanya kwa pamba na mafuta, nimepiga msasa, nimepaka rangi mara tatu. Chini nyekundu, juu nyeupe, katikati mstari wa buluu. Mstari umepinda kidogo karibu na mkia. Usiniulize kwa nini. Mkono ni wangu na umri ni wangu.

Maji haijayaona bado. Babu yako alisema itayaona huko kwenye bwawa lako, uache kuzunguka na ile boti ya ofisi inayovuja, unapima maji ya nje huku ya ndani yakikufika vifundoni. Kwa hiyo sasa tafuta trela la kuibebea.

Usinunue kwa macho. Muuzaji akikuambia, "Dada, hili halijaguswa," muulize kwa nini watu wamekataa kuligusa. Na akikuonyesha chuma kilichopakwa rangi juzi, ondoka. Mimi nimepaka rangi mashua za watu miaka arobaini. Hata kusoma nimejifunzia kwenye majina ya mashua, babu yako akichora herufi na mimi nikizijaza. Hakuna mwalimu aliyenipitia, kwa hiyo kosa lolote humu ni langu, usinisahihishie. Lakini rangi inaficha nini, hilo najua. Beba kijiko. Gonga kila kiungo. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinakohoa.

Barua hii anakuletea yule dereva wa lori la mbao; siku asizopita, nitazituma kwa basi. Simu uliyoninunulia iko kwenye droo. Ikilia nadhani mtu amekuja, nikiipokea ni sauti tu. Karatasi naweza kuishika tena kesho.

Bibi yako


Alhamisi, tarehe 6 Februari

Bibi, shikamoo.

Barua nimeisomea ukingoni mwa bwawa, nimekalia ndoo. Nilipofika pale pa mstari uliopinda nikacheka peke yangu mpaka ndege wakaruka.

Asante, Bibi. Sina neno jingine, na ungekuwa karibu ungeniambia niache kushukuru nikafanye kazi.

Kazi yenyewe ni ileile. Kila asubuhi nasoma nguzo zote nne za kupimia maji, naandika kwenye daftari, natuma namba ofisini kwa ujumbe wa simu. Siku haikosekani, hata Jumapili, ndiyo maana siwezi kuja mwenyewe kuichukua mashua. Lakini nisikutie wasiwasi, siko peke yangu. Mwenzangu wa chumba cha pili anakusalimu sana. Jana alikaanga samaki tukala wote.

Mjini kuna wauza trela wawili. Nilipiga simu, wote wakaniuliza swali moja: mashua ina urefu gani? Nakumbuka babu akisema fimbo tano. Fimbo yake ile ya kupimia ilikuwa mita moja kamili, ndiyo aliyonipimia kimo mlangoni kila nilipofunga shule. Lakini nataka uhakika. Naomba uchukue uzi, uunyooshe toka pua hadi mkia, ufunge fundo, unitumie kwenye bahasha. Basi. Mengine nitafanya mimi.

Unatembea vizuri? Hujaniandikia habari za sokoni siku nyingi.

Mke mwenzako


Jumamosi, tarehe 8 Februari

Dereva,

Nakuandikia kwa sababu ukiwa hapa unakunywa chai na kucheka, husikii.

Mjukuu wangu asijue kwamba nilianguka. Asijue kwamba mguu wa kushoto umegoma tangu Desemba, wala kwamba siku ile ulinikuta nimekaa chini ya mashua na nilikuwa nimekaa hapo tangu asubuhi. Asijue kwamba natembelea fimbo. Akijua ataacha kazi yake aje kukaa hapa anitazame, na mimi si televisheni.

Ukimwambia, chai yangu utainusa kutoka barabarani.

Mimi bibi wa mashua


Jumamosi hiyohiyo

Mke mwenzangu,

Natembea vizuri. Sokoni siendi kwa sababu watu wa sokoni wanaongea sana.

Uzi ni wa kushonea. Siwezi kukaa hapa nafunga mafundo kama mtu anayefunga mbuzi, wakati fimbo ya babu yako ipo. Nimeilaza ardhini chini ya tumbo la mashua, toka pua hadi mkia, nikaenda nikihesabu na kurudi nikihesabu. Ni fimbo sita kasoro kiganja. Upana, pale palipojaa, ni fimbo mbili.

Hiyo tano ya babu yako iache. Siku zile alikuwa mgonjwa. Aliniita kwa jina la mama yake mara mbili, na mimi nikaitika, sembuse kukosea fimbo. Mimi nimehesabu nikiwa na akili zangu. Sita kasoro kiganja.

Msalimu huyo mwenzako. Mwambie samaki asimkaushe sana. Wewe tangu mtoto hupendi samaki mkavu.

Bibi yako


Jumatatu, tarehe 24 Februari

Bibi, shikamoo.

Nimenunua. Jana nilisoma nguzo mapema, nikaenda mjini na kijiko mfukoni.

Muuzaji wa kwanza alikuwa na trela jekundu linalong'aa. Akaniambia, "Dada, hili ni bibi harusi." Nikatoa kijiko. Nikaanza kugonga. Nilipofika chini ya kiungo cha mbele, bibi harusi akakohoa. Nikakwangua kwa ukucha, rangi ikatoka na chuma chake. Nikamwaga kwaheri.

Muuzaji wa pili ni mzee anayeunda matrela mwenyewe, uani kwake, na hana maneno mengi. Alikuwa nayo mawili, yote yamechovywa kwenye zinki, hayana rangi ya kuficha kitu. Yote yalilia vizuri. La kwanza fupi, la mashua ya mita tano. Jepesi, lina roda za mpira, mashua inateleza yenyewe majini, mtu mmoja anaweza kulishughulikia. Bibi, nililipenda. Nililizunguka mara tatu. La pili refu, la mita sita, mashua inakalia mbao mbili zilizovikwa zulia, na kulisukuma ni kazi ya watu wawili.

Mzee akaniuliza, "Yako ina kiasi gani?" Nikasema, "Karibu mita sita." Akaniuliza, "Nani kapima?" Nikasema, "Bibi yangu." Akaniambia, "Basi chukua refu. Fupi halitaweza, mkia utaning'inia, uzito ukilala nyuma trela linayumba barabarani kama mlevi."

Nikachukua refu. Tumefungua magurudumu nikaona beringi kwa macho yangu, tukazijaza grisi mpya. Taa za nyuma zinawaka zote. Dereva atalivuta Alhamisi hii alilete kwako, na Alhamisi itakayofuata ataondoka na mashua.

Mwenzangu anakusalimu.

Mke mwenzako


Jumatano, tarehe 26 Februari

Mke mwenzangu,

Umefanya vizuri kumwacha yule bibi harusi. Nimesoma hapo nikapiga paja.

Hapa ni pazima. Kuku wawili, mimi, na mashua. Nikifungua mlango asubuhi ndiyo ninayoiona kwanza, imejaza ua mzima, imenizibia hata jirani. Nimezoea kunywa chai kivulini mwake. Pale nilipokaa sana pamefanya shimo dogo. Wiki ijayo nikifungua mlango kutakuwa na ukuta. Ukuta nao ni kitu cha kutazama, sisemi.

Usidhani nalia. Nakueleza ua ulivyo.

Dereva nimemwambia akija tuling'oe geti, maana upana hautoshi. Babu yako alijenga mashua ndani ya ua bila kuuliza itatokea wapi. Nilipomwuliza akaniambia, "Itakapokwisha tutajua." Basi imekwisha, na anayejua ni mimi peke yangu.

Bibi yako


Alhamisi, tarehe 27 Februari

Dada wa bwawani,

Mimi ni dereva, kuandika si kazi yangu. Leo nimeona niandike.

Trela nimelifikisha salama. Tumeling'oa geti, nimeita vijana wanne wa kiwanda cha matofali, tumeinua mashua tumeiweka juu. Imekaa vizuri lakini trela limezidi. Tumeisogeza mashua nyuma mpaka uzito ukatulia kwenye magurudumu, na mbele pamebaki patupu karibu mita nzima. Bibi akasema trela limekosewa. Nikachukua futi yangu ya kupimia mbao. Trela ni sawa, ni mita sita. Mashua ni mita tano. Nikasema, labda fimbo. Nikaipima fimbo. Sentimita themanini na tano.

Bibi akaitazama fimbo. Akakaa kwenye kile kishimo chake. Chai haikupikwa.

Kwa nini fimbo ni fupi, hilo atakuambia mwenyewe, mimi nimekatazwa. Ila na wewe, dada, mwambie ukweli wa yule mwenzako. Miezi yote hii nimebeba mzigo wa pande mbili. Kule nikifika naambiwa usiseme, huku nikifika naambiwa usiseme. Mbao hazinichoshi hivi.

Mashua nimeiacha juu ya trela, nimeifunga mikanda. Trela likirudishwa kwa mzee na kubadilishwa, mnijulishe. Nitapita Alhamisi.

Dereva


Ijumaa, tarehe 28 Februari

Mke mwenzangu,

Fimbo niliikata mimi.

Desemba nilianguka. Nilikuwa juu ya kigoda napaka ule mstari wa buluu, kigoda kikaenda na mimi nikaenda. Mstari ukapinda na mguu ukapinda. Tangu siku ile sitembei bila kushika kitu. Nilianza kwa kushika mashua, naizunguka, lakini mashua haiendi jikoni. Nikaichukua fimbo ya babu yako. Ilikuwa ndefu, inaninyanyua bega kama mtu anayebishana na jirani. Nikachukua msumeno nikakata kipande cha chini. Kipande chenyewe nimekiweka mlangoni kuzuia mlango usijifunge.

Nikasahau. Siku ulipotaka vipimo niliilaza chini kama alivyokuwa akiilaza yeye, nikahesabu kama alivyokuwa akihesabu yeye. Nilidhani nimekata mti tu. Kumbe nimekata mita.

Sasa una trela refu la watu wawili na wewe unataka fupi la mtu mmoja. Nisamehe. Mzee akikubali, libadilishe.

Na marehemu nimemsingizia. Nilikuandikia kwamba alikuwa mgonjwa, amekosea, na aliyekuwa mgonjwa ni mimi. Jana dereva na vijana walipoondoka nilikwenda karibu na mashua nikamwambia, zilikuwa tano, baba, ulisema kweli. Hakunijibu. Ndivyo alivyokuwa hata zamani, akinishinda ananyamaza ili nijione.

Usije. Nakujua, umeshaanza kufunga begi. Zile nguzo atazisoma nani? Mimi najipikia, najiogesha, naongea na kuku. Jioni tu ndiyo ndefu. Hata ulipokuwa hapa zilikuwa ndefu, ila zilikuwa za watu watatu.

Dereva anasema una jambo la kuniambia. Liseme.

Bibi yako


Jumapili, tarehe 2 Machi

Bibi,

Shikamoo. Begi nililifunga kweli. Nimelifungua baada ya kusoma pale ulipoandika nisije.

Mwenzangu hayupo. Alihamishwa Septemba, ofisi haikuleta mwingine. Salamu zote nilizokuandikia nilizitunga mimi. Yule samaki nilimkaanga mwenyewe na nikamkausha, halafu nikala nimesimama maana meza ya mtu mmoja inanichosha kuitandika. Nilijua ukijua niko peke yangu utakosa usingizi. Sikujua kwamba na wewe ulikuwa unanilinda hivyohivyo.

Bibi, kuna wiki sauti yangu inatoka mara ya kwanza Alhamisi, dereva akipiga honi na mimi nikimwambia karibu. Siku nyingine nasoma namba za nguzo kwa sauti ili nisikie mtu. Namba hizo naziandika kwenye daftari, na sijawahi kuulizwa swali hata moja juu yake.

Leo nilikwenda kwa mzee wa matrela. Nilimweleza yote, hadi msumeno. Hakucheka. Alisema yuko tayari kulibadilisha. Halafu akasema, "Lakini kama unalibakiza, sikiliza. Mashua ikikaa pale dereva wako alipoiweka, mbele pamekuwa pepesi. Trela linataka uzito kidogo mbele, ndipo linatulia. Tafuta kitu kizito ukifunge pale."

Nikamwambia sibadilishi.

Bibi, chumba cha pili kitupu. Dirisha lake linatazama maji, na ukikaa kitandani unaiona nguzo ya pili bila kusimama. Sikuiti uje nikutazame. Hilo nimelielewa. Nakuita unitazame mimi. Sina mtu wa kuniambia samaki amekauka. Na trela lile la watu wawili siwezi kulisukuma majini peke yangu, lazima mtu asimame ukingoni anitukane kulia na kushoto. Hata akiwa amekaa.

Ukikataa nitaelewa, na mashua nitaipokea kwa mikono miwili. Ila usikatae kwa sababu yangu. Kataa kwa sababu yako.

Mke mwenzako


Jumanne, tarehe 4 Machi

Mke mwenzangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya tatu nilikuwa nimesimama.

Unadanganya vibaya. Hakuna mtu anayekaanga samaki kila wiki na kutuma salamu kwa maneno yaleyale. Ningekuwa na akili ningejua tangu Oktoba. Lakini nami nilikuwa na kazi ya kudanganya, nikakuamini.

Mlango wa huko una ngazi ngapi? Zikiwa mbili, sawa. Zikizidi mbili, toboa ukuta.

Sijasema nakuja kuhamia. Nakuja kuona mashua ikishushwa na kama rangi yangu itashika. Rangi ya mashua huijui leo wala kesho. Inataka ikae majini, ipigwe jua, ikae tena. Ni jambo la kungojea, na mtu akiingojea lazima alale mahali.

Kuku nimempa jirani, na ufunguo nimempa. Alisema, "Utarudi lini?" Nikamwambia, "Muulize rangi." Ule ua nimeufagia. Kishimo changu nimekiacha.

Mstari wa buluu usije ukaunyoosha. Na jina utaandika wewe, mimi nitajaza.

Kuhusu hicho kitu kizito cha mbele. Uzi uliutaka mwezi uliopita na mimi nikakuletea maneno ya mbuzi. Huu hapa, ndani ya bahasha. Fimbo usiiamini tena, hata nami naishika tu, siiamini. Kila fundo nimelipima toka mwanzo wa uzi, na mwanzo ni pale penye kitambaa chekundu. Fundo la kwanza ni upana wa sanduku langu. La pili ni kiti cha babu yako. Mwambie dereva avifunge vyote viwili mbele, na kile kipande cha fimbo nimekitia sandukuni, kina uzito wake.

Fundo la tatu ni mimi. Nimesimama mlangoni pale penye alama zako za utotoni, nikaushika uzi kisiginoni na jirani akaufikisha kichwani. Nimeishia kwenye alama yako ya darasa la sita.

Hilo la tatu si la trela, mimi nitakaa mbele na dereva. Hilo ni lako. Lining'inize ukutani ulizoee kabla ya Alhamisi, usije ukanishtukia mlangoni.

Bibi yako